Aliyewaopoa wenzake, nani atamwopoa yeye?

SIFA zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba wake.

Kila linapotokea janga katika nchi yetu, sisi Waislamu, kama walivyo Watanzania wengine, huwa tunajua la kufanya. Huwaswalia waliofariki, huwachangia waliojeruhiwa, huwaendea wafiwa na kukaa nao matangani. Lipo, hata hivyo, kundi moja ambalo hurudi majumbani bila ya kupewa pole na mtu. Ni wale waliozama majini, walioingia matopeni na motoni, waliobeba miili ya watu wasiowajua, kisha wakanawa mikono na kwenda zao. Ijumaa hii tumeona ni vyema tuwazungumzie hao, pamoja na wake zao, waume zao na watoto wao wanaoishi nao baada ya vumbi la janga kutulia.

Jambo hili tulikutana nalo Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida. Wenyeji waliotukaribisha tutawahifadhia majina yao, kwani ya ndani ya nyumba ni sitara. Baba wa nyumba hiyo ni mfyatua matofali. Kwa miaka mingi riziki yake ilitoka katika udongo: huuchimba, huulowanisha, huukanyaga kwa miguu mpaka ukalainika, kisha huujaza katika kalibu, akayaanika matofali na kuyachoma katika tanuri. Kazi hiyo hufanyika kiangazi. Lakini kiangazi cha mwaka 2024 kilipita bila ya yeye kufyatua tofali hata moja. Mkewe alitueleza kuwa mumewe alikuwa akifika shimoni, akitia mikono katika tope, kisha akiitoa upesi kama aliyeungua, na kurudi nyumbani bila ya neno.

"Tulidhani amepatwa na jini," alisema mama huyo. "Ndugu zake wakasema tumpeleke akasomewe. Wengine wakasema imani yake imepungua. Mimi nilijua jambo moja tu, kwamba aliyerudi kutoka Katesh ni mwili wake. Yeye mwenyewe alibaki huko."

ASUBUHI YA KATESH

Wilaya ya Mkalama inapakana na Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, na watu wa pande hizi mbili huendeana kwa biashara, kwa vibarua na kwa undugu. Ndivyo ilivyokuwa mfyatua matofali huyo akawa Katesh kwa kibarua asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Sehemu ya Mlima Hanang, mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ililowa, ikalegea na kumeguka. Tope, mawe na magogo ya miti yaliporomoka kuelekea mjini Katesh na katika vijiji vya jirani, yakizoa nyumba, maduka na watu waliokuwa bado vitandani. Waliofariki walikuwa zaidi ya 80, na majeruhi walizidi 100.

Serikali ilipeleka vikosi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Jeshi la Wananchi, Polisi na Chama cha Msalaba Mwekundu vilifanya kazi kubwa ambayo wakazi wa Katesh hawataisahau. Lakini saa za mwanzo za janga lolote, kabla gari la kikosi halijafika, huwa ni za jirani. Mwenye jembe huchukua jembe, mwenye sepetu huchukua sepetu, na asiye na kitu hufukua kwa mikono. Mwenyeji wetu alikuwa miongoni mwa hao. Hakuwa na glavu, hakuwa na mafunzo, na hakuna aliyeandika jina lake katika daftari. Alifukua siku tatu, kisha akarudi Nduguti. Mkewe alipomuuliza habari za huko, alijibu kwa maneno mawili: "Tumewatoa wengi."

Baada ya hapo ndipo mambo yalipoanza. Mvua ikinyesha usiku, aliamka, akafungua mlango na kusimama kizingitini akisikiliza mpaka ikatike. Harufu ya udongo uliolowa ilimtapisha. Watoto wakipiga kelele aliwafokea kwa ukali ambao hawakuuzoea. Swala aliziswali, lakini alikuwa akisimama safu ya mwisho, karibu na mlango. Na kwa kuwa tope ndilo lililokuwa kazi yake, riziki ya nyumba nayo ilipungua.

SI YEYE PEKEE

Ndugu msomaji, tukiitazama historia yetu tutaona kwamba watu wa aina yake ni wengi kuliko tunavyodhani.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza. Watu waliobaki hai ndani ya meli hiyo walisikika wakigonga. Waokoaji, kwa nia ya kuwatoa, walitoboa ubavu wa meli, hewa iliyokuwa ikiishikilia majini ikatoka, na meli ikazama. Waliofariki walikuwa zaidi ya 800, na wengi walizikwa Igoma. Hebu tumfikirie mtu aliyesikia mgongo ule kwa masikio yake, kisha akausikia ukikoma. Nia yake ilikuwa njema na juhudi yake ilikuwa ya kweli, lakini usiku moyo haumuulizi mtu nia yake. Humuuliza kwa nini hakuweza.

Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima mkoani Dodoma ilirudi nyuma na kugongana na treni ya mizigo katika eneo la Igandu. Watu 281 walifariki. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Wavuvi wa Nungwi waliingia baharini na vyombo vyao, watu zaidi ya 600 wakaokolewa, na maiti zaidi ya 200 zikaopolewa. Miili ilipelekwa viwanja vya Maisara ili jamaa waitambue. Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai 2012, siku chache tu kabla ya Ramadhani, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe. Waliobeba na kuosha maiti mara ya kwanza, wengi wao waliitwa tena kabla ya jeraha la mwanzo kufunga.

Tarehe 10 Agosti 2019, tukiwa tunajiandaa kwa Idd el-Hajj, lori la mafuta lililipuka Msamvu, Morogoro, na watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Wapo walioungua kiasi cha kutotambulika na jamaa zao. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na kwa siku kadhaa waokoaji waliwapitishia maji na hewa waliofukiwa, wakizungumza nao kupitia matundu ya kifusi. Zaidi ya watu 80 walitoka wakiwa hai. Wengine hawakutoka.

Kuzungumza na mtu aliye chini ya kifusi ni mzigo wa peke yake. Wenzetu wa Nairobi wanaujua tangu mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa tarehe 7 Agosti 1998, uliowaua watu 213 katika jiji hilo. Mama aliyeitwa Rose Wanjiku alinaswa chini ya jengo la Ufundi, akawa akizungumza na waokoaji waliokuwa wakimchimbia njia usiku na mchana. Walipomfikia alikuwa amekwishafariki. Nchi nzima ilimlilia Rose. Waliokuwa wakimjibu kule chini walirudi makwao wakiwa na sauti yake masikioni.

YANAYOTOKEA NDANI YA MWANADAMU

Madaktari wanatueleza kuwa Mwenyezi Mungu ameuumba ubongo wa mwanadamu ukiwa na kengele ya hatari. Mtu akikabiliwa na kifo, kengele hiyo hulia, moyo huenda mbio, damu hukimbilia miguuni na mikononi, usingizi na njaa huondoka. Hiyo ni neema, kwani bila yake mwokoaji asingeweza kunyanyua gogo ambalo siku nyingine lingemshinda. Tatizo huja pale hatari inapokwisha na kengele ikaendelea kulia. Ubongo huwa umezihifadhi harufu, sauti na sura za siku ile kama dalili za hatari. Kwa hiyo mvua ya kawaida ya Nduguti inayoleta mahindi na alizeti, kwake ni mlima unaokuja.

Katika wiki za mwanzo hali hiyo huwapata watu wengi, na wengi wao hupoa bila ya dawa. Mtu huota ndoto mbaya, hushtuka kwa jambo dogo, hukosa hamu ya chakula, hukwepa mahali au kitu kinachomkumbusha, huwa mkali au huwa kimya, na hujilaumu kwa kuwa yeye yu hai na wengine wamekufa. Ikiwa dalili hizo zitadumu zaidi ya mwezi mmoja na kumzuia kufanya kazi, kulala au kuishi na watu wake, basi hayo ni maradhi kamili yatokanayo na kiwewe, na yana tiba.

Watafiti wameyapima mambo haya. Huko Oklahoma City, Marekani, jengo la serikali lililipuliwa mwezi Aprili 1995. Askari wa zimamoto 181 walioshiriki uokoaji walifanyiwa uchunguzi baadaye, na ikaonekana kuwa wanaume 13 kati ya kila 100 walikuwa na maradhi hayo ya kiwewe. Miongoni mwa wanaume waliokuwa wahanga wenyewe wa mlipuko walikuwa 23 kati ya 100. Tujifunze mambo mawili hapa. La kwanza ni kwamba mafunzo, sare na kufanya kazi kwa pamoja humkinga mwokoaji kwa kiasi fulani. La pili ni kwamba hata huyo aliyefunzwa hakukingika kabisa. Itakuwaje basi kwa mvuvi, mwendesha bodaboda au mfyatua matofali ambaye hakuwahi kufunzwa?

Uzoefu wa waokoaji wa nchi nyingi unaonyesha pia kuwa yapo mambo ambayo huumiza zaidi: kubeba mwili wa mtoto, kumuona maiti aliyefanana na mtu wako, na kushika vitu vidogo vya marehemu kama vile simu inayoita, kiatu au daftari la shule. Mwili usio na jina moyo unaweza kuustahimili. Lakini simu ikiita mfukoni, maiti yule amekuwa baba wa mtu.

KUKUMBUKA SI UPUNGUFU WA IMANI

Wapo miongoni mwetu wanaosema kuwa muumini wa kweli hapatwi na haya, na kwamba aliyepatwa ana upungufu wa subira. Tunawaomba ndugu zetu hao waitazame sira.

Katika vita walivyotoka pamoja na Mtume (SAW), wanawake wa Kiislamu akiwemo Rubayyi bint Muawwidh (RA) walikuwa na kazi ya kuwanywesha maji wapiganaji na kuwarudisha Madina majeruhi na waliouawa. Hao nao walikuwa waokoaji. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (SAW) alimpoteza ami yake Hamza (RA), na mwili wake ulikuwa umeharibiwa. Miaka kadhaa ikapita. Wahshi, aliyemuua Hamza, akaja akasilimu, na Uislamu wake ukakubaliwa. Pamoja na hayo, imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa Mtume (SAW) alimtaka, ikiwezekana, asijionyeshe mbele yake.

Tulizingatie hilo, enyi ndugu. Msamaha ulikuwa umetolewa, wala hapakuwa na chuki. Lakini sura ya mtu yule ilikuwa ikimrudisha Mtume (SAW) kwenye bonde la Uhud. Naye hakuona aibu kulisema, wala hakuona vibaya kuuepusha moyo wake na kitu kilichouumiza. Ikiwa mbora wa viumbe aliubainisha uchungu wake, ni nani sisi wa kumwambia kijana aliyetoka Katesh kuwa mwanamume halii? Na Mtume (SAW) huyo huyo alitokwa machozi mbele ya watu alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Subira ni kutomlaumu Mola wako na kutokata tamaa. Kufunga mdomo mpaka moyo upasuke hakumo katika subira.

WAOKOAJI HUJITIBUJE?

Waokoaji wenyewe wamezibuni njia nyingi za kuubeba mzigo wao. Nyingine zinafaa na nyingine zinaangamiza.

Zinazofaa ni kufanya kazi wawili wawili ili kila mmoja amwangalie mwenzake. Kupokezana zamu na kupumzika hata kama mtu anajiona bado ana nguvu. Kutozitazama sura na vitu vya marehemu zaidi ya inavyohitajika. Kuoga na kubadili nguo kabla ya kuingia nyumbani ili mwili ujue kuwa kazi imekwisha. Kulala, kula na kuswali kwa nyakati. Na kukaa na waliokuwapo siku ile wakakumbushana yaliyowapata. Hata mzaha wanaofanyiana waokoaji wakiwa peke yao, ambao mgeni akiusikia hudhani ni ukatili, una kazi yake. Sisi Watanzania hatuna haja ya kushangaa. Mtani anayekuja msibani akawachekesha wafiwa, jeneza likiwa ndani, hafanyi hivyo kwa kudharau mauti. Huwafungulia watu dirisha wapumue.

Zinazoangamiza ni pombe na bangi, kujitenga, kujitwisha kazi usiku na mchana ili kukimbia mawazo, na kuwageuzia ukali watu wa nyumbani. Katika uchunguzi ule wa Oklahoma, takriban robo ya askari wa zimamoto walikuwa na tatizo la ulevi baada ya janga, na wengi wao walikuwa nalo tangu kabla. Kileo hakiwaondolei watu kumbukumbu. Huwaondolea usingizi wa kweli ambao ndio unaozituliza kumbukumbu hizo.

Kwa Muislamu lipo kizuizi kingine, nacho ni sitara. Tumefunzwa kuwa anayemuosha au kumbeba maiti asitiri aliyoyaona. Wengi huelewa kuwa ni haramu kuzungumza lolote, wakanyamaza hata yale yanayowaua wao wenyewe. Lakini kusitiri aibu ya marehemu ni jambo moja, na kueleza hali ya moyo wako ni jambo jingine. Mtu anaweza kusema, "Silali tangu siku ile, nilimtoa mtoto wa rika la mwanangu," bila ya kutaja jina la mtu wala kufichua aibu ya maiti. Huko ni kutafuta tiba.

FAMILIA IFANYE NINI?

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani pamoja na washirika wake lilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, unaoweza kutumiwa na mtu asiye daktari. Msingi wake ni maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Mafundisho hayo si mageni katika nyumba zenye adabu ya Kiislamu, lakini ni vyema tukayaeleza moja moja.

Angalia. Mpokee kwa maji ya kuoga, chakula na mahali pa kulala. Usimzunguke kwa maswali ya udadisi, na usiwaruhusu majirani waje kumhoji kama mtangazaji wa mpira. Mwangalie usingizi wake, hamu yake ya chakula na hasira zake kwa wiki kadhaa zinazofuata.

Sikiliza. Usimlazimishe kueleza. Zamani ilidhaniwa kuwa mtu aliyetoka katika janga lazima akalishwe kikao kimoja na kuelezeshwa yote. Wataalamu sasa hawakipendekezi kikao cha kulazimisha, kwa kuwa hakikuonekana kuzuia maradhi na chaweza kuzidisha maumivu. Lakini akianza mwenyewe kuzungumza, acha unalolifanya. Usimkatize kwa mawaidha, usimwambie "wapo walioona makubwa kuliko wewe", wala usiharakishe kumwambia "ni kadari". Analijua hilo. Anachohitaji ni mtu wa kuuona mzigo.

Unganisha. Mrejeshe kwa watu wake: wenzake wa uokoaji, jamaa zake, jamaa zake wa msikitini. Na ikiwa mwezi umepita na hali haijatulia, au ikiwa anazungumzia kujidhuru, mpeleke hospitali bila ya kuchelewa. Wakazi wa Mkalama wanaweza kuanzia hospitali ya wilaya, wakapewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa mjini Singida, na likihitajika zaidi ipo Mirembe, mjini Dodoma. Jina la Mirembe lisimtishe mtu. Anayekwenda kutibiwa moyo ni kama anayekwenda kutibiwa mguu. Kisomo cha Qur'ani na dua ni rehema na hakuna anayevizuia. Tunachokataa ni kukifanya kisomo kuwa sababu ya kumnyima mgonjwa daktari.

Watoto nao waambiwe ukweli kwa kiasi cha umri wao. Mtoto asipoambiwa hudhani kuwa hasira za baba zimesababishwa na yeye. Yatosha kumwambia: "Baba aliwasaidia watu katika ajali, akaona mambo ya kuhuzunisha. Akikasirika si kosa lako, na tunamsaidia apone."

DENI LILILO SHINGONI MWETU

Mafakihi wametufunza kuwa kumuokoa anayezama, kumuosha maiti, kumkafini na kumzika ni faradhi kifaya. Wakifanya wachache, dhambi huwaondokea wote. Wasipofanya, wote tumekosa. Aya ya 32 ya Suratul Maida imeitukuza kazi ya kuhuisha nafsi moja hata ikailinganisha na kuwahuisha watu wote. Sasa basi, kijana yule aliyefukua siku tatu Katesh alifukua kwa niaba yetu. Wale wavuvi wa Nungwi walikuwa baharini kwa niaba yetu. Faradhi iliyokuwa shingoni mwa umma mzima waliibeba wao mabegani. Je, ni uadilifu mzigo wa faradhi tuupokee kuwa umekwishatuliwa, halafu majeraha yake tuwaachie wao na wake zao?

Ni kweli, mara nyingine nchi hushukuru. Ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria mjini Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi ndio waliotangulia kufika. Watu 24 kati ya 43 walinusurika. Kijana mvuvi Majaliwa Jackson, ambaye kwa maelezo yake alitumia kasia kufungua mlango wa ndege, kisha kamba ikakatika na kumpiga usoni akazimia alipokuwa akijaribu kuwatoa marubani, alipewa shilingi milioni moja, na Rais akaagiza aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hilo lilikuwa jambo jema na la kupigiwa mfano. Lakini tujue kuwa shukrani ni kitu kimoja na tiba ni kitu kingine, na kwamba kwa kila mmoja aliyetajwa jina wapo kumi wasiotajwa.

Yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wa kila msikiti. Kamati ya maziko iwe na orodha ya waoshaji na wabebaji, wapokezane, asiachiwe mmoja kila maiti. Baada ya msiba mkubwa, imamu awakusanye walioshiriki, awashukuru kwa majina, kisha wakae wale pamoja bila ya hotuba ndefu. Wiki ya nne mtu awatembelee majumbani, kwani siku za mwanzo kila mtu huuliza hali, na wiki ya nne huwa hakuna anayeuliza. Vijana wapelekwe kujifunza huduma ya kwanza, na kila familia iijue namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Aliyejiandaa huumia kidogo kuliko aliyeshtukizwa.

TURUDI NDUGUTI

Nyumba ile ya Nduguti haikuachwa na Mola wake. Yupo mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi ndiye muosha maiti wa kiume mtaani hapo. Jioni moja, baada ya swala ya Magharibi, alimfuata mfyatua matofali pale pale safu ya mwisho, karibu na mlango, akaketi kando yake.

"Mwanangu, uliwatoa wangapi?"

"Sikuhesabu, mzee wangu."

"Basi yupo mmoja usiyeweza kumsahau. Nieleze huyo tu."

Walikaa mpaka adhana ya Isha. Mzee hakutoa mawaidha. Alimweleza tu kuwa yeye naye, kila anapotoka kuosha maiti, huwa haendi nyumbani moja kwa moja. Humpitia rafiki yake, wakanywa chai, wakazungumza habari za mashamba, na maiti akiwa mtoto humwambia rafiki huyo kuwa leo alikuwa mtoto. Ni hilo tu, na limemtosha miaka yote hiyo. Ni mzee huyo huyo aliyemshauri mama wa nyumba ampeleke mumewe hospitali, akawasindikiza mwenyewe.

Hatutawadanganya wasomaji kuwa yote yamekwisha. Kiangazi cha mwaka 2025 matofali yalifyatuliwa tena katika shimo lile, lakini aliyekanyaga tope alikuwa ni mwanawe mkubwa. Baba alisimamia tanuri. Na mvua ikinyesha usiku bado huamka na kufungua mlango. Tofauti ni kwamba sasa mkewe naye huamka, huweka sufuria ya chai jikoni, kisha huja kusimama naye kizingitini mpaka mvua ikatike.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (SW) awarehemu waliofariki katika majanga yetu, awaponye waliowaopoa, na atujaalie sisi majirani zao tuwe wepesi wa kubisha hodi. Wabillahi tawfiq.